Hitilafu ya Umeme Inayokuja na Kuondoka kwenye Gari: Jinsi ya Kuitafuta kwa Kanuni ya Ohm

MADA: UMEME WA MKONDO – MATUMIZI YAKE

Ukimaliza sehemu hii uweze:
(a) kueleza kwa nini hitilafu ya umeme huonekana wakati fulani na kupotea wakati mwingine;
(b) kutumia mchoro wa sakiti kupunguza idadi ya sehemu zinazoshukiwa;
(c) kukokotoa volteji inayopotea na joto linalozalishwa kwenye kiungio kibovu;
(d) kueleza kwa nini kipimo kinachochukuliwa bila mkondo kupita kinaweza kudanganya.

Mtihani utaufanya kwa Kiingereza, lakini hoja ikishakaa kichwani kwa Kiswahili, kuiandika kwa lugha nyingine si kazi kubwa. Soma ukiwa na kalamu na karatasi. Kila hesabu ifanye mwenyewe kabla ya kutazama jibu.

1. TATIZO LENYEWE

Chukua gari la kituo cha afya kijijini. Ni gari la dizeli linalovuta kwa magurudumu yote manne, na linatumia betri ya volti 12. Usiku mmoja linampeleka mama mjamzito hospitali ya wilaya. Barabara ni ya vumbi, imekauka baada ya masika na kuacha vijituta vilivyopangana kama migongo ya bati. Katikati ya safari injini inazima ghafla. Dereva anageuza ufunguo: kimya. Anafungua boneti, anashika hiki na kile, anafunga. Baada ya dakika kumi anajaribu tena na gari linawaka kama vile halijawahi kuugua.

Kesho yake fundi anaangalia. Gari linawaka kila mara. Kwa kuwa hakuna anachokiona, anashauri betri ibadilishwe. Wiki mbili baadaye gari linazima tena njiani. Safari hii inabadilishwa alternata. Gari linazima tena.

Fedha nyingi zimekwenda, na gari bado haliaminiki. Safari ijayo hakuna anayejua kama mgonjwa atafika. Hii ndiyo hasara ya kubadilisha vifaa kwa kubahatisha. Utaona kwamba usiku ule wa kwanza dereva alikuwa na ushahidi wa kutosha kuiondolea betri lawama. Hakuna aliyemuuliza.

2. KUMBUKA MAMBO HAYA MANNE

Yote yanatoka kwenye mada uliyokwisha kuisoma.

(i) Mkondo hupita kwenye sakiti iliyofungwa tu. Unatoka ncha chanya ya betri, unapita kwenye waya, fyuzi, swichi na kifaa, kisha unarudi ncha hasi. Kwenye gari, njia ya kurudi kwa kawaida ni bodi lenyewe pamoja na chasisi. Ncha hasi ya betri imefungwa kwenye bodi kwa waya mnene, na kila taa nayo imefungwa kwenye bodi. Kwa hiyo boliti yenye kutu inaweza kukata sakiti sawasawa na waya uliokatika.

(ii) Kanuni ya Ohm: V = IR. Volteji kati ya ncha mbili za kipande chochote cha sakiti ni mkondo unaopita humo ukizidishwa kwa ukinzani wa kipande hicho.

(iii) Katika sakiti ya mfuatano, mkondo ni uleule kila mahali, na volteji ya betri hugawanywa kulingana na ukinzani. Mwenye ukinzani mkubwa huchukua volteji kubwa. Waya mzima na kiungio safi vina ukinzani mdogo sana, kwa hiyo huchukua karibu volti 0, na kifaa hupata karibu volti 12 zote.

(iv) Katika sakiti sambamba, tawi moja likikatika matawi mengine huendelea kufanya kazi. Sehemu inayotumiwa na matawi yote ikikatika, vyote huzimika kwa pamoja.

3. KWA NINI HITILAFU INAKUJA NA KUONDOKA?

Umeme hauna kigeugeu. Hitilafu ikija na kuondoka, maana yake kuna hali fulani inayokuja na kuondoka. Kwenye gari la barabara mbovu, hali hizo ni nne.

Mtikisiko. Waya wa gari umetengenezwa kwa nyuzi nyingi nyembamba za shaba. Ukipindwapindwa mahali pamoja, nyuzi hukatika moja baada ya nyingine ndani ya plastiki, na kwa nje hauonyeshi dosari yoyote. Pini ya plagi ikilegea nayo hugusa na kuachia kila gari linapotikisika.

Joto. Chuma, shaba na plastiki hutanuka kwa viwango tofauti vikipata joto. Kiungio kilichoshikana asubuhi kinaweza kuachia injini ikipata moto, kisha kikashikana tena kikipoa. Ndiyo maana gari letu liliwaka baada ya dakika kumi.

Maji. Maji ya mtoni na ya madimbwi yana chumvi zilizoyeyuka, hivyo hupitisha umeme kiasi. Yakiingia kwenye plagi, huweza kupitisha mkondo mahali usipotakiwa. Yakikauka, huacha shaba ikiwa na ukoga wa kijani, na ukoga huo hupitisha umeme vibaya sana.

Mzigo. Kiungio kibovu kinaweza kupitisha mkondo mdogo bila tatizo na kikashindwa mkondo mkubwa ukihitajika. Sababu yake iko kwenye mfano ufuatao.

MFANO WA 1
Kibano cha betri kimelegea na kina ukinzani wa 0.02 Ω. Kokotoa volteji inayopotea hapo (a) taa ndogo ya dashibodi ya 5 W, 12 V inapowaka peke yake. (B) stata inapovuta mkondo wa 150 A.

Jibu:
(a) I = P/V = 5/12 = 0.42 A
V = IR = 0.42 × 0.02 = 0.0084 V
(b) V = IR = 150 × 0.02 = 3 V
Joto linalozalishwa hapo kila sekunde: P = I²R = 150 × 150 × 0.02 = 450 W

Kibano ni kilekile, betri ni ileile. Taa haikuona tofauti yoyote, lakini stata ilipoteza volti 3 kati ya 12, na kibano kikapata joto la kutosha kuunguza kidole. Mtu anayesema "betri ni nzima kwa sababu taa zinawaka" hajathibitisha lolote kuhusu stata.

4. HATUA YA KWANZA: ULIZA KABLA YA KUFUNGUA

Kabla ya kushika spana, mwulize dereva maswali matatu. Kwanza, hutokea lini: ukipita vijituta, ukivuka maji, injini ikipata moto, au ukiwasha taa? Pili, vitu gani huzimika kwa pamoja? Tatu, vitu gani hubaki vikifanya kazi? Swali la tatu ndilo linalosahaulika zaidi, na mara nyingi ndilo lenye faida kubwa.

Dereva wetu alipoulizwa alisema hivi: "Huwa ni kwenye vijituta tu. Mishale yote ya dashibodi inaanguka sifuri, waipa zinasimama, injini inazima. Taa kubwa zinabaki zinawaka vizuri, na honi inalia."

Majibu hayo yana thamani kuliko alternata mpya.

5. HATUA YA PILI: SOMA MCHORO WA SAKITI

Chora mwenyewe kwenye karatasi yako. Katika gari hili umeme unapita hivi:

Ncha chanya ya betri → kibano (A) → fyuzi kuu (B) → njia panda (C).

Kutoka C yanatoka matawi mawili:
Tawi la 1: C → taa kubwa na honi → bodi.
Tawi la 2: C → plagi iliyo chini ya dashibodi (D) → swichi ya ufunguo (E) → sanduku la fyuzi (F) → mishale ya dashibodi, waipa, na vali ya mafuta → bodi.

Bodi → waya mnene wa hasi (G) → ncha hasi ya betri.

Huenda ukauliza: injini ya dizeli haina plagi za cheche, sasa kwa nini izime umeme ukikatika? Injini nyingi za dizeli zenye pampu ya kimakanika zina vali ndogo ya umeme inayofungua njia ya mafuta. Ukikosekana umeme wa vali hiyo, njia hufunga na injini huzima kwa kukosa mafuta.

Sasa fikiri pamoja nami.

Taa kubwa zilibaki zinawaka vizuri. Mkondo wa taa hizo unapita A, B, C na kurudi kupitia G. Basi A, B, C na G ni vizima. Betri nayo haina kosa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inawasha taa. Alternata pia haihusiki: kazi yake ni kuchaji betri na kusaidia kulisha vifaa injini ikizunguka, na betri ilikuwa na chaji ya kutosha.

Mishale, waipa na vali ya mafuta vilizimika kwa pamoja. Ndani ya sanduku F kila kimoja kina fyuzi yake. Ni vigumu sana fyuzi tatu kuachia katika sekunde moja na kurudi katika sekunde moja. Kwa hiyo kosa liko kabla ya matawi hayo kugawanyika, mahali ambapo mkondo wa vyote vitatu unapita.

Limebaki eneo dogo: kutoka C, kupitia D na E, hadi mwanzo wa F. Hatujafungua hata skrubu moja, na tayari sehemu kubwa ya gari imeondolewa kwenye orodha ya washukiwa.

6. HATUA YA TATU: IFANYE HITILAFU ITOKEE

Kosa lisiloonekana halipimiki. Hivyo lazima ulete hali inayolisababisha gari likiwa limesimama.

– Kama hutokea kwenye mtikisiko, washa ufunguo, washa waipa, kisha tikisa waya na plagi moja moja kwa mkono. Gonga swichi taratibu kwa mpini wa bisibisi.
– Kama hutokea kwenye joto, acha injini ipate moto, au pasha sehemu moja kwa hewa ya moto ya kukaushia nywele.
– Kama hutokea kwenye maji, nyunyiza maji kidogo eneo moja kwa wakati.
– Kama hutokea kwenye mzigo, washa vifaa vingi pamoja.

Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukitikisa plagi tatu kwa pamoja na gari likazimika, hutajua ipi ndiyo mbaya. Ni kanuni ileile ya jaribio la maabara: kigezo kimoja kinabadilika, vingine vinabaki vilevile.

7. HATUA YA NNE: PIMA MKONDO UKIWA UNAPITA

Hapa watahiniwa wengi hukosea, na mafundi pia.

Fundi anachomoa plagi, anaweka mita kati ya pini na bodi, anasoma volti 12, anasema "umeme unafika." Je, ni kweli? Fanya hesabu.

MFANO WA 2
Ukoga ndani ya plagi una ukinzani wa 1,000 Ω. Betri ni ya 12 V. Tafuta volteji baada ya plagi ikiwa kilichounganishwa ni (a) mita pekee yenye ukinzani wa 10,000,000 Ω. (B) taa ya 55 W, 12 V.

Jibu:
(a) Ukinzani wote = 10,001,000 Ω
Volteji kwenye mita = 12 × 10,000,000/10,001,000 = 11.999 V, yaani karibu 12 V.
(b) Ukinzani wa taa ikiwaka kikamilifu: R = V²/P = 144/55 = 2.6 Ω
Mkondo = 12/(1,000 + 2.6) = 0.012 A
Volteji kwenye taa = 0.012 × 2.6 = 0.03 V

Mita imesoma volti 12, lakini taa imepata sehemu ndogo ya volti na haitawaka kabisa. (Taa isiyowaka ina ukinzani mdogo zaidi ya huo, kwa hiyo hali halisi ni mbaya zaidi.) Mita haikusema uongo. Ilijibu swali ambalo halikuwa na faida, kwa sababu mkondo uliopita ulikuwa mdogo mno kuonyesha ubaya wa plagi.

Basi njia sahihi ni hii: acha kila kitu kimeunganishwa, washa vifaa, kisha weka mita sambamba na sehemu unayoishuku, ncha moja kabla yake na nyingine baada yake. Sehemu nzima itaonyesha karibu 0 V. Sehemu mbovu itajitaja yenyewe kwa kuchukua volteji isiyo yake.

Usipime kwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Anzia katikati. Kama kuna viungio 8, kipimo cha kwanza kinakuachia 4, cha pili 2, cha tatu 1. Vipimo vitatu vinatosha badala ya vinane.

Kwenye gari letu, vifaa vya tawi la 2 vikichukuliwa kwa pamoja vina ukinzani wa takriban 2 Ω. Mita iliwekwa sambamba na plagi D, kisha plagi ikatikiswa. Zilionekana hali tatu:

Hali ya 1 – plagi imeshika vizuri.
Ukinzani wa plagi: karibu 0 Ω
Mkondo: 12/2 = 6 A
Volteji kwenye plagi: 0 V
Volteji kwenye vifaa: 12 V

Hali ya 2 – plagi imelegea.
Ukinzani wa plagi: 0.5 Ω
Mkondo: 12/2.5 = 4.8 A
Volteji kwenye plagi: 4.8 × 0.5 = 2.4 V
Volteji kwenye vifaa: 9.6 V

Hali ya 3 – plagi imeachia kabisa.
Mkondo: 0 A
Volteji kwenye plagi: 12 V
Volteji kwenye vifaa: 0 V

Itazame vizuri hali ya 3. Watahiniwa wengi huandika kwamba voltimita iliyowekwa kwenye sehemu iliyokatika itasoma sifuri "kwa sababu hakuna mkondo." Ni kinyume chake. Mkondo ukiwa sifuri, V = IR ya waya na ya vifaa ni sifuri pia, hivyo volti 12 zote zinabaki kwenye mwanya.

Na katika hali ya 2, joto kwenye plagi ni P = IV = 4.8 × 2.4 = 11.5 W. Joto hilo linatoka ndani ya pini nyembamba kama kijiti cha kiberiti. Plastiki inalainika, pini inazidi kulegea, ukinzani unapanda, na mambo yanaharibika zaidi. Ndiyo sababu hitilafu ya namna hii hutokea mara moja kwa mwezi, halafu kila wiki, halafu kila siku.

ZINGATIA: Mita ya namba huchukua muda kidogo kabla ya kubadilisha namba. Mkatiko wa kufumba na kufumbua unaweza kuipita. Taa ndogo ya kupimia, ikiunganishwa kati ya upande wa kutokea wa plagi na bodi, itapepesa, na jicho lako litaona.

8. DALILI ZA AJABU: NJIA YA KURUDI IKIHARIBIKA

Unakanyaga breki, na taa za kuonyesha kona zinawaka hafifu. Unawasha taa ya kona, na taa ya nyuma inapepesa nayo. Watu husema gari lina mashetani. Lina boliti yenye kutu.

Taa zote za upande mmoja wa nyuma kwa kawaida hushirikiana sehemu moja ya kurudishia mkondo kwenye bodi. Sehemu hiyo ikiwa nzima, kila taa iko sambamba na nyingine na hupata volti 12. Ikiharibika, mkondo wa taa ya breki unatafuta njia nyingine: unapita ndani ya taa ya kona na kurudi bodini kupitia waya wake. Sasa taa mbili ziko katika mfuatano, zinagawana volti 12, na zote zinawaka hafifu.

Kipimo chake: washa taa, weka mita kati ya upande wa hasi wa taa na ncha hasi ya betri. Ukisoma karibu 0 V, njia ya kurudi ni nzima. Ukisoma volti kadhaa, fungua boliti, kwangua rangi na kutu hadi chuma king'ae, kaza tena.

9. FYUZI INAYOUNGUA MARA MOJA MOJA

Hii ni hitilafu ya kinyume. Hapa mkondo haukatiki, bali unapata njia ya mkato. Waya umesugua kwenye ukingo wa chasisi hadi plastiki yake imetoboka, na gari likirukaruka shaba inagusa bodi. Ukinzani unakuwa karibu sifuri, mkondo unapanda sana, fyuzi inaungua. Ni shoti.

Usiweke fyuzi kubwa zaidi, wala waya, wala karatasi ya sigara badala ya fyuzi. Fyuzi inailinda nyaya. Ukiiondoa, kitakachoungua ni waya wenyewe, na gari pamoja nao.

Mafundi wana njia nzuri. Wanachomoa fyuzi na mahali pake wanaunganisha taa ya 12 V, 21 W. Hata shoti ikitokea, mkondo hauwezi kuzidi 21/12 = 1.75 A, kwa hiyo waya uko salama. Kisha wanazima vifaa vya tawi hilo na kusogeza nyaya taratibu. Taa ikiwaka kikamilifu, mahali ulipogusa ndipo penye shoti.

10. KUREKEBISHA NA KUTHIBITISHA

Kabla ya kurekebisha, ondoa waya wa ncha HASI ya betri kwanza. Sababu ni ya kifizikia: bodi lote limeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya, na spana ikagusa bodi, umetengeneza shoti ya betri nzima kupitia spana. Ukishaondoa hasi, sakiti imekatika, na spana ikigusa bodi hakuna kinachotokea. Wakati wa kurudisha, chanya hutangulia na hasi huwa ya mwisho.

Volti 12 hazitakurusha, kwa sababu ngozi kavu ina ukinzani mkubwa na mkondo unaopita mwilini ni mdogo mno. Hata hivyo pete au saa ya chuma ikiunganisha chanya na bodi itapitisha mamia ya ampia na kuunguza mpaka kwenye nyama. Vua kwanza. Pia betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, kwa hiyo usilete cheche karibu nayo.

Kwenye plagi D, pini mbili zilisafishwa ukoga, pini iliyolegea ikabadilishwa, na waya ukafungwa kwenye bodi ili usibembee tena. Gharama yake ilikuwa sehemu ndogo sana ya bei ya betri.

Kazi haijaisha. Gari kuwaka hakuthibitishi chochote, kwani hata siku zile mbovu lilikuwa likiwaka. Rudia hali iliyosababisha hitilafu: tikisa plagi ileile, kwa mzigo uleule, mita ikiwa mahali palepale. Ikibaki karibu 0 V, peleka gari kwenye vijituta vilevile. Likipita huko salama, ndipo useme limepona.

11. MAKOSA YANAYOPOTEZA ALAMA

– Kuweka amita sambamba na kifaa. Amita huwekwa kwenye mfuatano, na voltimita huwekwa sambamba.
– Kuandika jibu bila kizio. "2.4" si jibu. "2.4 V" ni jibu.
– Kutumia 12 V kama volteji ya kiungio. Katika V = IR, hakikisha V, I na R ni za kipande kimoja.
– Kuandika "waya umekatika" swali linaposema taa inawaka hafifu. Waya uliokatika hauwashi kabisa. Hafifu maana yake ukinzani umeongezeka.
– Kutaja kifaa bila kutoa sababu. Swali likisema "eleza," alama ziko kwenye sababu.

12. ZOEZI

1. Taa ya gari imeandikwa 60 W, 12 V. Ikiwa imewashwa, voltimita iliyowekwa sambamba na taa inasoma 10 V, na betri inasoma 12 V. Mkondo ni 4.5 A. (a) Ni volteji kiasi gani inapotea kwenye nyaya na viungio? (b) Tafuta ukinzani wa nyaya na viungio hivyo. (c) Ni joto kiasi gani linazalishwa humo kila sekunde?

2. Dereva anasema, "Usiku nikipita shimo, kila kitu kinazimika kwa pamoja: taa kubwa, honi, dashibodi na injini." Kwa kutumia mchoro wa kipengele cha 5, taja sehemu tatu unazozishuku na utoe sababu.

3. Waipa pekee ndizo zinazosimama na kuanza tena. Je, swichi ya ufunguo (E) inaweza kuwa ndiyo yenye kosa? Eleza.

4. Fundi amepima volti 12 kwenye plagi iliyochomolewa na kuhitimisha kuwa waya ni mzima. Mkosoe.

MAJIBU

1. (a) 12 − 10 = 2 V. (b) R = V/I = 2/4.5 = 0.44 Ω. (c) P = IV = 4.5 × 2 = 9 W, yaani jouli 9 kila sekunde.

2. Kibano A, fyuzi kuu B (au maungio yake), na waya wa hasi G. Hizi ndizo sehemu ambazo mkondo wa matawi yote unapita. Tawi moja likikatika, jingine lingeendelea kufanya kazi. Kibano cha upande wa hasi kinahesabiwa pamoja na G.

3. Hapana. Mkondo wa dashibodi na wa vali ya mafuta unapita E pia. E ingeachia, vyote vingezimika pamoja na waipa. Kosa liko kwenye tawi la waipa pekee: fyuzi yake, waya wake, swichi yake, mota yake au sehemu yake ya kurudishia mkondo bodini.

4. Plagi ikiwa imechomolewa, mkondo pekee unaopita ni ule mdogo sana wa mita. V = IR ya sehemu mbovu inakuwa karibu sifuri hata kama R ni kubwa. Apime vifaa vikiwa vimeunganishwa na kuwashwa, mita ikiwa sambamba na sehemu inayoshukiwa.

Ukikosa swali la 4, rudia Mfano wa 2 bila kutazama jibu kabla ya kuendelea na mada inayofuata.